Somo la Afya: Utando Mweupe Kinywani

Ndugu wasomaji wetu wa Kibaha na Kisarawe, somo letu la afya safari hii lahusu kinywa. Wako watakaosema kwamba kinywa si jambo la kujazia kurasa, maana kila mtu anacho na kila mtu anakijua. Sisi tunaokwenda kuwatazama wagonjwa majumbani tumejifunza vingine. Kwa muda mrefu tulikuwa tukimwamkia mgonjwa, tukimpa pole, tukiomba pamoja naye na kuondoka, bila hata mmoja wetu kumwomba afungue kinywa tuone.

Tueleze kilichotubadili. Katika nyumba moja upande wa Mlandizi tulimkuta mama wa makamo aliyekonda sana, amelala mkekani barazani. Tulipiga hodi, tukamwamkia bibi mwenye nyumba shikamoo, tukakaribishwa. Bibi akatuambia, "Mwanangu hali tena, wanangu. Hata uji anaunywa kwa machozi. Ni kimeo hicho. Kesho kutwa anakuja mzee wa kukata vimeo." Jirani mmoja alikuwa pale akipepeta mchele. Hakusema neno, lakini tulipotoka alitufuata hadi njiani, akanong'ona kwamba wao wameshajua huo ni ugonjwa gani, kwa kuwa wameuona ulimi, na kwamba tusijisumbue kurudi.

Basi katika ua mmoja palikuwa na hukumu mbili, na zote mbili zilikuwa mbaya. Mmoja alitaka kukata nyama isiyo na kosa. Wa pili alikuwa amekwisha kumzika mtu aliye hai.

Mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya uuguzi alirudi ndani, akaomba tochi, akamwomba mgonjwa ruhusa, akatazama. Kaakaa na ndani ya mashavu palikuwa na mabaka meupe kama maziwa yaliyoganda, hadi kooni. Yule mama alikuwa na fangasi za kinywani, jambo ambalo huonekana kwa macho na kutibika kwa dawa. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo: jinsi ya kuutambua ugonjwa huu, na jinsi ya kutousingizia yasiyo yake.

Fangasi anayeleta utando huo huitwa kandida. Ni jamaa ya ile hamira tunayotia katika unga wa maandazi, na kama hamira hupenda mahali penye joto, unyevu na sukari. Tusimwone mgeni. Watu wengi wenye afya njema wanaye kinywani na tumboni miaka yote wala hawajui, kwa sababu anazuiwa. Mate humwosha; bakteria wengine wa kinywani hugombea naye nafasi; na askari wa mwili, yaani kinga yetu, humlinda asivuke mpaka. Ulinzi huo ukilegea, hamira huumuka.

Na huweza kulegea kwa njia nyingi. Mtoto mchanga kinga yake haijakomaa. Mzee mate yake yamepungua. Aliyetumia dawa za kuua bakteria kwa muda mrefu amewaua pia wale wagombea nafasi. Mwenye kisukari kisichotulizwa ana sukari nyingi hata katika mate. Anayemeza prednisoloni kwa majuma mengi, au anayevuta dawa ya pumu yenye steroidi bila kusukutua baada yake, amepunguza ulinzi bila kukusudia. Aliyetibiwa saratani kwa mionzi ya kichwa na shingo au kwa dawa kali, kama wanavyotibiwa ndugu zetu pale Ocean Road, Dar es Salaam, kinywa chake hukauka na kinga yake hushuka. Na mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hajaanza dawa, au ameziacha, askari wake wa mwili hupungua mwaka hadi mwaka mpaka kandida apate nafasi. Tumewataja wote hawa makusudi, maana jirani yule wa Mlandizi alikuwa na jibu moja tu.

Sasa tutazameje? Kwanza tuombe ruhusa, tena faraghani. Kinywa cha mtu si mlango wa duka. Kisha tunawe mikono, na kama mipira ya mikono ipo tuivae. Mgonjwa asukutue kwa maji safi na kutema, maana wengi wetu tumewahi kushtushwa na mabaki ya uji. Mtoto aliyetoka kunyonya sasa hivi ana ulimi mweupe ambao si ugonjwa wowote. Mwenye meno bandia ayatoe. Fangasi hukaa chini yake, na mtu anayelala nayo usiku kaakaa lake huweza kuwa jekundu kwa umbo lile lile la bamba la meno. Halafu mgonjwa aelekezwe kwenye mwangaza wa mlango, au tutumie tochi, hata ile ya simu.

Tuanzie midomoni, hasa kwenye pembe mbili za mdomo. Kisha tuvute shavu kidogo kwa mpini wa kijiko safi, kulia na kushoto, tutazame ndani yake na fizi zote. Ulimi tuutazame juu, kisha pembeni pande zote mbili, kisha auinue tuone chini. Mwisho aseme "aaa" tupate kuona kaakaa, kimeo chenyewe, na koo. Tumeona kwamba watazamaji wengi huishia ulimini, na ulimi peke yake hudanganya. Mwenye homa, mvuta sigara, aliyefunga, asiyekunywa maji ya kutosha, wote huwa na ulimi mweupe, nao hawana kandida. Utando ukiwa kwenye kaakaa na mashavu pia, hapo shauri limekuwa jingine.

Kisha kuna jaribio la kitambaa, ambalo zahanati yoyote yaweza kulifanya hata kama haina maabara. Kitambaa safi na laini huzungushwa kidoleni, na baka jeupe hufutwa taratibu, bila kukwangua. Utando wa kandida kwa kawaida hutoka, ukaacha mahali pekundu, pengine na damu kidogo. Usipotoka, tusiendelee kusugua. Kuna kitu kingine, na kitu hicho kinahitaji jicho la tabibu.

Hiyo ndiyo aina inayojulikana na wengi. Aina ya pili ndiyo inayotuponyoka, nayo si nyeupe hata kidogo. Ni nyekundu. Kaakaa huwa na baka jekundu, au juu ya ulimi, katikati, panakuwa laini na pekundu kama pamenyolewa, vile vinundu vidogo vya kawaida vimepotea. Mgonjwa hana la kuonyesha. Analalamika tu kwamba pilipili, ndimu na chai ya moto zinamchoma kuliko zamani, au kwamba chakula hakina ladha. Nyumbani huambiwa anadeka. Tunawasihi wenzetu wa Umoja wa Akina Mama, ambao ndio wanaopika na kusikia malalamiko hayo mwanzo, wasiyapuuze kwa mtu anayekonda au anayeugua kwa muda mrefu.

Ya tatu ni mipasuko myekundu kwenye pembe za mdomo, inayouma mtu akipiga mwayo. Hii pia huweza kuletwa na kandida, lakini huletwa vilevile na upungufu wa damu, na ukosefu wa vitamini, na kwa wazee waliopoteza meno huletwa na mate yanayokaa katika mikunjo ya ngozi. Mipasuko peke yake haisemi mengi. Ikifuatana na utando ndani ya kinywa husema zaidi.

Yako mambo yanayofanana na fangasi nayo siyo. Pembeni mwa ulimi huweza kutokea mabaka meupe yenye mistari iliyosimama kama mikunjo ya nguo, ambayo hayafutiki. Hayo huletwa na kirusi, si fangasi, lakini nayo huonekana zaidi kwa watu wenye kinga iliyoshuka, kwa hiyo yana uzito wake. Kwa mtumiaji wa tumbaku, ugoro au tambuu, baka jeupe lisilofutika, au kidonda kisichopona kwa majuma mawili au matatu, lazima lionwe hospitali, kwa kuwa saratani ya kinywa huweza kuanza hivyo. Madoa ya rangi ya zambarau kwenye kaakaa ni habari nyingine tena, nayo hayangojei. Halafu kuna jambo la kawaida kabisa la mtu mwenye jino bovu kuweka kidonge cha aspirini pembeni ya jino. Kidonge kile huunguza nyama, shavu likawa jeupe na kubanduka. Huyo anahitaji daktari wa meno tu.

Mtoto mchanga mwenye utando unaofutika asitutie hofu. Jambo hili ni la kawaida kwa watoto wa miezi ya kwanza, wala si dalili kwamba mama au mtoto ana virusi. Apelekwe kliniki, apewe dawa, na matiti ya mama yatazamwe pia, maana mama na mtoto huambukizana kandida huku na huku. Tusisugue kinywa cha mtoto kwa chumvi, wala tusimpe asali aliye chini ya mwaka mmoja. Lakini utando ukirudi rudi baada ya majuma yale ya mwanzo, na mtoto haongezeki uzito, hapo apimwe sawasawa.

Turudi kwa yule jirani na hukumu yake, maana haikuzuka hewani. Tarehe 5 Juni 1981 ilitoka taarifa ya madaktari huko Marekani juu ya vijana watano wa Los Angeles waliougua kichomi cha namna isiyo ya kawaida. Wote watano walikuwa na kandida pia. Hapa kwetu wagonjwa watatu wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka ile hospitali nyingi za Afrika hazikuwa na kipimo cha damu, na kwa hiyo mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani, katika mkutano uliofanyika Bangui, lilitoa mwongozo wa kuutambua UKIMWI kwa dalili za nje. Dalili kubwa zilikuwa kupungua uzito sana, kuharisha zaidi ya mwezi, na homa ya zaidi ya mwezi. Fangasi za kinywa na koo ziliwekwa kati ya dalili ndogo.

Twaomba msomaji aangalie jambo hili vizuri. Hata wakati ule, ambapo hapakuwa na njia nyingine, daktari hakuruhusiwa kuhukumu kwa kuona kinywa tu. Alitakiwa apate angalau dalili kubwa mbili pamoja na ndogo moja. Watu wa mitaani walichukua ile ndogo moja wakaifanya ushahidi mzima, na mazoea hayo yangalipo ingawa siku hizi kipimo cha VVU hutoa jibu kwa dakika chache katika zahanati nyingi. Kwa mtu mzima ambaye hana sababu nyingine inayoonekana, utando wa kandida ni sababu nzuri ya kupima VVU na kupima sukari pia. Ni swali ambalo mwili unauliza. Jibu hutoka katika kipimo, si katika macho ya jirani.

Na tofauti ya siku hizi ni kubwa. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bila malipo katika mpango wa taifa, na tangu 2016 mwongozo wa nchi yetu ni kwamba kila aliyekutwa na virusi aanze dawa bila kungoja kinga ishuke. Aliyeambiwa habari hii mwaka 1988 aliambiwa ajiandae kufa. Anayeambiwa leo anaambiwa aanze dawa, na akizishika vema huweza kuzeeka. Ndiyo sababu kuficha utando ule kwa aibu ni hasara kuliko ilivyokuwa zamani.

Yako pia mambo ya kuwaambia waliokwisha kuanza dawa. Mtu aliyetumia dawa mwaka au miaka, kisha utando ukatokea, asinunue tu dawa ya fangasi dukani akanyamaza. Huenda ameruka siku nyingi, huenda dawa zake hazifanyi kazi tena. Aende kliniki yake ya tiba na matunzo aeleze kinywa chake kilivyo, ili wapime wingi wa virusi katika damu. Kinywa huweza kuonyesha mapema kabla mwili wote haujadhoofika.

Huko hospitali, iwe Tumbi kwa watu wa Kibaha au hospitali ya wilaya kwa watu wa Kisarawe, mara nyingi tabibu ataamua kwa kutazama tu, na wengine wetu tumesikia wagonjwa wakilalamika kwamba hawakupimwa. Tuwaeleze. Katika ugonjwa huu kutazama ndicho kipimo kikuu. Kukiwa na shaka, huchukua kijiti, akakwaruza utando kidogo, akaupaka kwenye kioo chembamba na kuudondoshea dawa inayoyeyusha ngozi lakini haiyeyushi fangasi. Chini ya hadubini huonekana chembe za mviringo zinazochipua kama hamira, pamoja na nyuzi ndefu. Zile nyuzi ndizo humsaidia mpimaji kusema kwamba kandida amekwisha kuingia kazini.

Maabara kubwa huweza kumwotesha fangasi katika chakula maalum kwa siku moja au mbili au zaidi, kisha wakatafuta jina lake hasa. Kuna jaribio zuri la kumweka katika majimaji ya damu kwa joto la mwili. Baada ya saa mbili au tatu yule wa kawaida, anayeitwa albikansi, huchomoza kijimkia kirefu. Lakini kuotesha kuna udhaifu wake. Tulisema kwamba watu wengi wazima wanaye kandida kinywani. Ukiotesha mate ya mkutano mzima wa Jumapili utawapata wengi, na hakuna mgonjwa kati yao. Kwa sababu hiyo kuotesha hufanywa zaidi pale dawa zinaposhindwa, kwa kuwa baadhi ya jamaa za albikansi hawasikii dawa zilizozoeleka.

Swali ambalo tabibu hatakosa kuliuliza, na ambalo sisi pia tuulize, ni hili: unameza bila shida? Mwenye utando kinywani anayeumia akimeza, au anayehisi chakula kimekwama nyuma ya kifua, huenda fangasi wameshuka katika umio. Hilo ni jambo zito zaidi. Katika madaraja ya Shirika la Afya Duniani kwa wenye VVU, fangasi za kinywani zisizokoma huwekwa daraja la tatu, bali zilizofika kwenye umio huwekwa la nne, ambalo ni la mwisho. Mgonjwa wa namna hiyo hasukutui tu dawa. Humeza fulukonazoli kwa majuma mawili au matatu, na asipopata nafuu katika siku chache hadi juma moja hutafutiwa sababu nyingine, pengine kwa kupitishiwa mpira wenye taa kooni. Huchunguzwa pia kinga yake. Hesabu ya chembe za CD4 ikiwa chini ya 200, hutafutwa kifua kikuu na magonjwa mengine yanayojificha.

Hapo sasa mtaona hatari ya kimeo. Kimeo ni kipande cha nyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa, nacho kiliumbwa hivyo. Mtu akiumia koo kwa sababu ya fangasi, kimeo nacho huweza kuwa chekundu na kuvimba, na mkataji hukiona akasema, "Huyu hapa mwizi." Kwa mtu ambaye damu yake ni pungufu na kinga yake imeshuka, wembe ule huweza kumletea kutokwa damu nyingi au kuoza kwa jeraha. Na fangasi wako palepale. Bibi yetu wa Mlandizi alikuwa akimpenda mwanawe, wala hatumlaumu. Alikuwa ametafuta msaada ulio karibu, na ulio karibu ulikuwa wembe.

Juu ya waganga wa jadi tusiseme kwa dharau. Mwaka 2006 wataalamu wa Muhimbili walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na waganga wa Tanzania juu ya ugonjwa huu. Waganga wale walizieleza dalili zake kwa usahihi, na wataalamu wakaorodhesha mimea 36 waliyokuwa wakiitumia, ambayo nusu yake hivi imekwisha kuonyeshwa kwamba hupambana na kandida. Ila kumshinda fangasi katika chupa ya maabara si sawa na kumponya mtu. Kipimo cha dawa hakijulikani, na mganga hana namna ya kujua kwa nini kinga imeshuka. Mganga anayeutambua utando na kumwelekeza mgonjwa hospitali ametenda kazi njema, na wako wanaofanya hivyo.

Dawa zenyewe tuzipitie upesi, maana kipimo chake ni kazi ya tabibu. Iko nistatini ya maji, ambayo watu huikosea kwa kuimeza upesi kama dawa ya kikohozi. Inatakiwa izungushwe kinywani kwa muda ndipo imezwe, na mtu asinywe maji papo hapo baada yake. Jina lake latokana na Jimbo la New York. Wanawake wawili, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, ndio walioipata mwaka 1950. Mmoja alikuwa mji wa New York na mwenzake Albany, wakitumiana vichupa kwa posta. Udongo uliotoa dawa hiyo ulichotwa katika shamba la rafiki za Hazen, na fedha zilizotokana na haki yao walizitoa kwa utafiti wa sayansi. Tuliona vema kuwataja, maana wachache huwakumbuka.

Iko pia fulukonazoli ya vidonge. Mwaka 2008 madaktari wa Dar es Salaam na wenzao wa Uholanzi walichapisha majaribio yao kwa wagonjwa 220 wenye VVU na fangasi za kinywa. Wengine walipewa miligramu 750 mara moja tu, wengine 150 kila siku kwa siku 14. Waliopona walikuwa 95 hivi kati ya 100 pande zote mbili. Kwa mtu wa Maneromango ambaye nauli ya kurudi hospitali ni mzigo, habari hiyo ni kubwa. Lakini wale walikuwa wamechunguzwa kwanza. Dawa hii hugombana na dawa nyingine kadhaa, na haimfai kila mtu, hasa mwenye mimba changa au ini lenye matatizo. Mtu asiende dukani akasema, "Nipe zile za mara moja."

Mwisho, tumeulizwa na zaidi ya mmoja juu ya kikombe cha Ushirika Mtakatifu. Kuna mtu aliyekaa miezi bila kuja mezani kwa kuogopa kwamba atawaambukiza wenzake, na kuna wengine, twasikitika kusema, waliohama safu ili wasinywe baada yake. VVU haviambukizwi kwa kunywa kikombe kimoja. Na kandida, kama tulivyoeleza, wengi wetu tunaye tayari, wala hamdhuru mwenye afya. Ikiwa divai yamchoma mwenye kidonda, amwambie kasisi kabla ya ibada, naye atapokea mkate peke yake. Aliyepokea kwa namna moja kwa sababu ya ugonjwa amepokea kamili. Hana haja ya kueleza sababu mbele ya watu.

Yule mama wa Mlandizi alikubali kwenda hospitali siku ya pili yake, akiwa amepakiwa kwenye bajaji na mdogo wake. Alitazamwa, akapimwa damu na sukari, akapewa vidonge. Majibu ya vipimo vyake hatuyaandiki hapa, ni yake. Tulirudi baada ya siku kumi. Tulimkuta ameketi, kimeo chake kiko mahali pake, anagombana na mama yake kwa sababu amekatazwa embe bichi la chumvi na pilipili. Bibi akatugeukia atake hukumu yetu. Tulimwambia mgonjwa angoje juma moja zaidi, naye akatununia mpaka tulipoaga.